Mwanagenzi Mpenda Vitabu na Mwalimu Wake: Heshima na Ukweli katika Elimu ya Uganga

Uhusiano wa mwanafunzi na mwalimu wake hupimwa kwa namna nyingi, lakini hakuna mahali unapojaribiwa kwa ukali zaidi kuliko katika elimu ya siri, yaani elimu isiyofundishwa hadharani, ambayo hutolewa na mtu mmoja kwa mtu mwingine, kidogo kidogo, kwa masharti na kwa muda ambao mtoaji ndiye anayeupanga. Uganga ni elimu ya aina hiyo. Anayeuingia ni mwanagenzi, yaani mtu anayeanza kazi chini ya uangalizi wa fundi, na siku anapohitimu hupewa mkoba wenye dawa na vifaa vya kazi, uwe ishara kwamba sasa anaruhusiwa kutibu peke yake. Tangu siku ya kuingia hadi siku ya kupewa mkoba, mwanagenzi huwa chini ya mkono wa mwalimu mlezi: humtumikia, humsikiliza, humwiga, na mara nyingi humpenda na kumwonea fahari kuliko mtu mwingine yeyote.

Makala haya yanamtazama mwanagenzi wa namna moja mahususi, naye ni msichana mpenda vitabu, aliyekulia shuleni na maktabani, aliyezoea kuandika kila alichosikia na kukirudia usiku, na ambaye katika jiji kama Kampala anaweza kuhudhuria mhadhara wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Makerere asubuhi, kisha jioni akaketi mbele ya mganga anayemfundisha majani yale yale kwa majina mengine na kwa madhumuni mengine. Yeye hapa si mtu mmoja mwenye jina, bali ni aina ya tabia inayopatikana popote penye shule na penye urithi wa wazee. Swali linaloulizwa ni hili: je, heshima kubwa aliyo nayo kwa mwalimu wake humfikisha kwenye ukweli, au humfunika macho asiuone? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba heshima hiyo ni ya lazima mwanzoni, kwa sababu bila hiyo mlango haufunguki. Lakini hukamilika pale tu mwanafunzi anapoanza kukitazama kile ambacho mwalimu mwenyewe alikuwa akikitazama, akaweza kukihoji, kukipima na kukibeba hata mwalimu asipokuwepo.

Uganga na mipaka yake

Kabla ya kuendelea, inafaa maneno mawili yatenganishwe. Uganga ni ujuzi wa kutibu na kuondoa madhara kwa kutumia dawa, dua, ramli au mawasiliano na mizimu na pepo, ilhali uchawi ni kutumia nguvu zinazosadikiwa kuwa za siri ili kumdhuru mtu. Mpaka huu haumo katika mazungumzo ya watu tu, kwani Sheria ya Uchawi ya Uganda ya mwaka 1957, ingawa iliandikwa na watawala wa kikoloni, haikuhesabu kuwa uchawi ibada ya mizimu inayofanywa kwa nia njema, wala utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia kama hiyo. Katika Buganda, ambayo ndiyo nchi Kampala ilimojengwa, mganga huitwa omusawo w'ekinnansi, yaani tabibu wa asili. Mtu ambaye lubaale, yaani mzimu mkuu kama vile Mukasa wa ziwa au Kibuuka wa vita, husema kupitia kinywa chake huitwa emmandwa. Na nyumba ya ibada hiyo huitwa essabo. Mwaka 2019 Uganda ilipata sheria ya tiba asili na tiba mbadala iliyoweka baraza la kuwasajili na kuwasimamia waganga, na hivyo dola ikakubali waziwazi kwamba kazi hii ni taaluma yenye watu wake, mafunzo yake na maadili yake.

Wapo waumini wengi wa Kampala, Wakristo na Waislamu, wanaoamini kwamba uganga wa mizimu umekatazwa na dini zao, na imani yao hiyo inastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, swali la makala haya haliwahusu waganga peke yao, kwa sababu mwanafunzi anayempenda mwalimu wake hadi kusahau kuuliza hupatikana pia madrasani, seminarini na katika chuo kikuu. Uganga umechaguliwa kwa kuwa ndani yake jambo hili huonekana kwa uwazi zaidi, maana mwalimu wa uganga hushika elimu na pia hushika kipimo cha kujua kama elimu hiyo imepatikana.

Tabia ya mpenda vitabu

Tabia ya kupenda kusoma ina historia ndefu Kampala. Katika karne ya 19, Baganda wa kwanza waliozifuata dini mpya katika makao ya Kabaka, yaani mfalme, Muteesa wa Kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa sababu kuingia dini kulikwenda pamoja na kujifunza herufi, kwanza katika Uislamu ulioletwa na wafanyabiashara kutoka pwani, kisha katika Ukristo. Kiswahili kilikuwa na nafasi yake katika mwanzo huo, kwani Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, alianza kufundisha kwa maandiko ya Kiswahili kabla ya vitabu vya Kiganda kupatikana. Vijana wa ikulu walijifunza kwa siri, wengine usiku, huku wakijua kwamba kusoma kungeweza kuwagharimu maisha. Kwa hiyo yeyote anayedhani kwamba upendo wa vitabu ni tabia ya watu waoga na wapweke hajaisoma vizuri historia ya jiji hili.

Kwa wasichana mlango ulichelewa kufunguka. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliwapokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, na kaulimbiu yake ya awali, iliyowataka wanafunzi wawe wanaume, ikabidi ibadilishwe. Miongoni mwa wanawake hao wa mwanzo alikuwamo Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye alijulikana kama Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hisabati, lakini mhadhiri alikataa kumfundisha mwanamke, naye akageukia masomo mengine, akaenda Oxford, na katika miaka ya 1950 akahitimu huko akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo hicho. Kisa chake kinafundisha jambo la msingi katika mjadala huu: kiu ya elimu ni mali ya mwanafunzi mwenyewe, na haizimiki kwa sababu mwalimu mmoja amekataa kuinywesha. Mwalimu anaweza kuikuza kiu hiyo au kuidhulumu, lakini si yeye aliyeiumba.

Mwanagenzi wa aina hii huingia katika uganga akiwa na vipaji vitatu. Kwanza, ana kumbukumbu iliyo nje ya kichwa chake, yaani daftari, ambalo huhifadhi leo kile ambacho kesho mwalimu atakisema kwa namna tofauti. Pili, ana mazoea ya kulinganisha, kwani aliyesoma vitabu viwili juu ya jambo moja tayari amekwisha kujua kwamba wajuzi hutofautiana. Tatu, ana uvumilivu wa kukaa na jambo gumu kwa muda mrefu bila kuona faida yake. Vipaji hivi si vidogo, na mwalimu mwenye busara hufurahi anapovikuta.

Lakini vipaji hivyo vina maradhi yake. Mpenda vitabu amelelewa na mitihani, na mitihani imemzoeza kuamini kwamba jibu sahihi ni lile linalompendeza msahihishaji, kwa hiyo anapokutana na mwalimu anayemwonea fahari, hutafuta kibali chake kwa bidii ile ile aliyokuwa akitafutia alama, na kosa dogo humkosesha usingizi, kwa kuwa anaogopa kumvunja moyo mtu anayempenda kuliko anavyoogopa kuukosa ukweli. Maradhi ya pili ni kudhani kwamba kukisoma kitu ni kukijua. Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi aliyefundisha Makerere, aliyaonyesha maradhi hayo katika utenzi ambao Kiswahili huujua kwa jina la Wimbo wa Lawino: Ocol, mume aliyesoma sana, ameijaza nyumba vitabu hadi vimemmeza, naye hawezi tena kuwaheshimu wazee waliomlea. Ocol hakuharibiwa na kusoma. Aliharibiwa na kuwapenda walimu wake wa kigeni kwa namna iliyomfanya ayaone macho yao kuwa ndiyo macho pekee, hata alipojitazama mwenyewe na mke wake.

Kwa nini kitabu hakitoshi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini msichana mwenye uwezo wa kusoma ahitaji kuketi mbele ya mganga, ilhali maandishi juu ya mimea ya dawa yapo, na ilhali Wandegeya, karibu na Makerere, ipo taasisi ya serikali inayochunguza kisayansi dawa za waganga. Jibu la kale la swali hili limo katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Phaedrus, ambamo Socrates analalamika kwamba maandishi hayawezi kujibu: ukiyauliza, hurudia maneno yale yale, wala hayajui ni nani anayefaa kuambiwa na nani asiyefaa. Mwalimu aliye hai humwona mwanafunzi anavyoelewa vibaya, akamrudisha njiani papo hapo.

Katika dawa za asili hoja hiyo huonekana kwa macho. Mti ambao wanasayansi huuita Prunus africana una gamba linalotumika kama dawa, na magamba yake yalivunwa kwa wingi sana katika nchi kadhaa za Afrika hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995. Kitabu kinaweza kueleza kwamba gamba lisichunwe kuuzunguka mti wote, kwa kuwa mti hufa. Lakini kina cha panga, upande wa shina unaofaa, na subira ya kuuacha mti upone kabla ya kuurudia hujifunzwa kwa mkono ulio kando ya mkono mwingine. Vivyo hivyo omululuuza, jani chungu ambalo Baganda hulitumia kwa homa na maradhi ya tumbo, linajulikana na wengi, lakini kiasi cha kumpa mtoto, na dalili zinazoonyesha kwamba mgonjwa huyu asipewe dawa bali apelekwe hospitali ya Mulago haraka, hukaa katika uzoefu wa mtu aliyekwisha kukosea na kupatia mara nyingi. Elimu ya namna hii huishi katika mwili wa mjuzi, na hakuna njia ya kuipata isipokuwa kumkaribia.

Hapa ndipo heshima inapopata kazi yake halali. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko si utumwa, bali ni kukubali kwa muda kwamba mwingine anaona usichokiona. Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alipoorodhesha wajibu wa mwanafunzi katika kitabu chake cha Ihya, alimtaka awe kwa mwalimu wake kama mgonjwa asiyejua alivyo kwa tabibu mwenye huruma na ujuzi, na akafika hadi kusema kwamba kosa la mwongozaji linaweza kumfaa mwanafunzi kuliko usahihi wake mwenyewe. Maneno hayo yana ukweli wake: anayeanza, akishika njia yake mwenyewe kila anapotofautiana na mwalimu, hatajua kamwe kama tofauti ile ilitokana na busara yake au na uchanga wake. John Mbiti, padri Mwanglikana kutoka Kenya aliyefundisha dini huko Makerere kati ya mwaka 1964 na 1974, naye alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba waganga hupitia mafunzo marefu yenye utaratibu, na kwamba kuwaona kama walaghai wasio na taaluma ni kutojua kazi yao.

Heshima inapokuwa pazia

Hata hivyo, al-Ghazali huyo huyo alieleza katika maandishi ya maisha yake kwamba tangu ujanani aliivunja kamba ya taklidi, yaani kufuata kauli ya mtu bila kuijua hoja yake. Kwa hiyo mwandishi aliyesifu utiifu wa mwanafunzi hakuukusudia uwe makao ya kudumu. Mfano wa mwanagenzi mmoja wa uganga, ulioandikwa kwa kirefu na mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, unaonyesha kwa nini.

Kati ya mwaka 1926 na 1930 Evans-Pritchard aliishi kwa vipindi miongoni mwa Wazande, watu wa nchi iliyo kaskazini-magharibi ya Uganda, ambayo leo imegawanyika kati ya Sudani Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa kuwa hakuweza kuzijua siri za waganga yeye mwenyewe, alimgharimia kijana wake wa kazi, Kamanga, aingie unagenzini kwa mganga aitwaye Badobo. Badobo alipokea malipo, akafundisha majina ya mimea na nyimbo, lakini akaificha siri ya kazi kubwa kuliko zote, yaani kutoa katika mwili wa mgonjwa vitu vinavyosemekana vimetumwa na mchawi. Ilipobidi mganga mwingine, Bogwozu, aletwe kumfundisha Kamanga, wivu kati ya walimu hao wawili ulianza kuifumbua siri, na siku moja Evans-Pritchard alikidaka kifaa kilichofichwa ndani ya dawa ya kubandika kabla Kamanga hajajaribu kukitoa mwilini mwa mgonjwa. Kamanga alifadhaika sana, maana alikuwa ameamini kwa moyo wote, na hapo ndipo walimu wake walipolazimika kumweleza ukweli wa ufundi ule.

Msomaji wa haraka huchukua kisa hiki kuwa ushahidi kwamba uganga wote ni hila, lakini Wazande wenyewe hawakufikia hukumu hiyo. Walijua fika kwamba waganga wengine hudanganya, na bado waliamini kwamba dawa zina nguvu na kwamba wapo waganga wa kweli. Somo la kisa hiki liko mahali pengine. Kamanga hakukosa akili wala bidii. Alikosa nafasi ya kuuliza, kwa kuwa elimu yake yote ilipita katika mlango mmoja ulioshikwa na mtu aliyefaidika na kutojua kwake. Ni mwalimu wa pili, yaani sauti ya pili ya kulinganisha, aliyeufungua mlango huo. Na inafaa isemwe pia kwamba Kamanga alitumiwa na pande mbili: waganga walimtumia wakapata mali, na mwanachuoni akamtumia akapata siri. Mwanagenzi anaweza kudhulumiwa na mwenye mkoba, na anaweza kudhulumiwa vilevile na mwenye kalamu.

Miaka mingi baadaye, katika taasisi ya anthropolojia ya Oxford iliyoongozwa na Evans-Pritchard, aliketi mwanafunzi kutoka Uganda, naye ni Okot p'Bitek. Okot ameeleza kwamba tangu mhadhara wa kwanza alisikia watu wa Afrika wakiitwa washenzi na watu wa kale wasiostaarabika, akapinga, na kupinga kwake hakukusikilizwa. Lakini hakuikimbia elimu; alijifunza mbinu za walimu wale, kisha akazitumia kuandika juu ya dini ya Waluo wa kati na kuwashtaki wanazuoni wa Magharibi kwa kuwavika miungu wa Afrika mavazi yasiyo yao, na hata Mbiti hakusalimika katika ukosoaji wake. Kamanga na Okot wanasimama hapa kama pande mbili za unagenzi: mmoja alimwamini mwalimu hadi akapofuka, mwingine alichukua kilicho bora kwa mwalimu na akakataa kilicho kibaya, bila kuacha kusoma.

Nabii Musa na haki ya kuelezwa

Wako watakaosema kwamba elimu ya siri haiwezi kuvumilia maswali, na hoja yao kubwa ni kisa cha Nabii Musa na mja mwema anayejulikana kwa jina la Khidr, kilichomo katika Sura ya 18 ya Kurani. Musa aliomba kumfuata Khidr ili afundishwe, akapewa sharti la kutouliza, lakini alipomwona mwalimu wake akiitoboa merikebu, akimuua kijana, na kuujenga ukuta bila ujira, hakuweza kunyamaza, na baada ya mara ya tatu wakaachana. Kisa hiki hutumiwa mara nyingi kuwanyamazisha wanafunzi, lakini kinaposomwa hadi mwisho wake hufundisha mambo mawili yanayosahauliwa. La kwanza ni kwamba Khidr hakuachana na Musa kabla ya kumweleza maana ya kila tendo, na hivyo hata mwalimu huyo wa ajabu alikiri kwamba mwanafunzi ana haki ya kuelezwa, ingawa si lazima aelezwe siku ile ile anayouliza. La pili ni kwamba Khidr alisema hakuyatenda hayo kwa amri yake mwenyewe, na hakuna mwalimu mwingine awaye yote, awe sheikh, mchungaji au mganga, anayeweza kudai kibali kama hicho na kusadikiwa bila ushahidi.

Jambo hili si la nadharia tupu nchini Uganda. Mwaka 2021 ilitungwa sheria mahususi ya kuzuia na kupiga marufuku kafara ya binadamu, kwa sababu watu, wakiwemo watoto, wamewahi kuuawa na wanaojiita waganga au kwa maagizo yao. Nyuma ya kila uovu wa namna hiyo huwapo mtu aliyeamrisha, na mara nyingi huwapo mwingine aliyetii kwa kuwa alimwogopa au alimtukuza aliyeamrisha. Kwa hiyo mpaka wa heshima ni lazima uwekwe bila kusitasita: mwanagenzi anaweza kumtii mwalimu katika jambo asilolielewa, lakini hawezi kumtii katika jambo analolielewa kuwa ni dhuluma. Musa, ambaye alikuwa nabii na aliyekuwa ameahidi kunyamaza, alipaza sauti alipoiona damu, na hakuna mwanafunzi anayepaswa kujiona mwenye adabu kuliko yeye.

Kipimo cha mwisho

Ikiwa heshima ni ya lazima na pia ni ya hatari, kinahitajika kipimo cha kuitambua iliyo safi. Historia ya Kampala inatoa kipimo hicho. Wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la White Fathers, ambao kati yao Simeon Lourdel alipendwa sana na Baganda wakamwita Mapera, walifika mwaka 1879, lakini mwishoni mwa mwaka 1882 waliondoka wote wakaenda kusini mwa ziwa, na hawakurudi hadi katikati ya mwaka 1885. Wanafunzi wao walikuwa wachanga. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, alikuwa amebatizwa mwaka huo huo wa 1882. Kwa hesabu ya kibinadamu jumuiya hiyo ilipaswa kusambaratika, lakini yeye na wenzake waliendelea kusoma, kufundishana na kuwavuta wengine, hata walimu waliporudi wakakuta idadi imeongezeka. Balikuddembe alimwonya Kabaka Mwanga, aliyemrithi Muteesa, juu ya kumuua Hannington, askofu wa Kianglikana, na Novemba 1885 aliuawa huko Nakivubo; wenzake wengi waliuawa Namugongo mwezi Juni 1886. Mtu anaweza kuwa wa dini nyingine na bado akakubali kwamba upendo wa vijana hao kwa Mapera haukuwa wa kumtegemea tu, kwa sababu kile walichokipokea kwake kilisimama bila yeye.

Kipimo basi ni hiki: mwalimu akiondoka, je, elimu inabaki? Mwanagenzi ambaye ujuzi wake wote huyeyuka mwalimu anapofariki, au anapogombana naye, alimpenda mtu lakini hakuipenda elimu. Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka, aliyewahoji wazee wenye hekima kuanzia miaka ya 1970, aliwagawa katika makundi mawili: wale wanaozijua mila na kuzieleza vyema, na wale wanaozijua lakini pia huzipima kwa akili na hata kuzikosoa. Kundi la pili ndilo alilolihesabu kuwa la wanafalsafa hasa. Mgawanyo huo unamfaa mwanagenzi mpenda vitabu katika kumchagua mwalimu, kwani mzee wa kundi la pili hamfundishi dawa tu, bali humfundisha namna ya kuipima, na hakasiriki anapoulizwa swali asilolitarajia.

Mwalimu naye ana deni lake. Methali isemayo mganga hajigangi huelezwa kwa kawaida kuhusu maradhi ya mwili, lakini ina ukweli pia katika elimu: mjuzi hawezi kuyaona makosa yake peke yake, na mwanafunzi mwenye daftari, mwenye kukumbuka kilichosemwa jana na kuuliza kwa adabu kwa nini leo kimebadilika, ni miongoni mwa tiba chache alizo nazo. Mwalimu anayemfukuza mwanafunzi huyo anajinyima dawa. Tena, wajuzi wengi wa mimea wamezeeka, misitu inayozunguka Kampala imepungua, na maarifa ambayo hayakupata mrithi huzikwa pamoja na mwenyewe. Msichana anayejua kuandika, anayeweza kuilinganisha kauli ya mzee na kazi ya maabara, na anayempenda mwalimu wake kiasi cha kutotaka elimu yake ipotee, ni mrithi ambaye vizazi vilivyopita havikumpata kwa wingi.

Kwa hiyo wazazi na walimu wasimcheke msichana anayependa vitabu, wala wasiiogope heshima aliyo nayo kwa mlezi wake, bali waisaidie ikomae. Naye mwanagenzi ainame pale panapostahili kuinama, aandike anachofundishwa, atafute sauti ya pili, aulize bila kejeli, akatae dhuluma hata ikitoka kinywani mwa anayempenda, na ajiandae mapema kwa siku atakayobaki peke yake na mgonjwa mbele yake. Mwalimu anayestahili kupendwa ni yule anayemwandaa kwa siku hiyo. Asiyemwandaa, hata awe mjuzi kiasi gani, anastahili heshima ya umri wake tu.